Nimetolewa tezi ya shingo, jino nilizibe kwa kitu gani?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa na karafuu mdomoni, kwa hiyo maneno yakipishana unisamehe.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Nkuhungu, Dodoma, na kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Miaka mitatu iliyopita nilipasuliwa rovu. Karatasi ya kutoka wodini inasema tezi ilitolewa yote. Tangu hapo nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, ya maikrogramu 100, na niliambiwa ni ya maisha.

Mwezi wa pili mwaka huu gego la chini kushoto lilianza kunichoma kila nikinywa maji ya baridi. Daktari wa meno alinipiga picha akaniambia nina matundu mawili: moja juu ya hilo gego, kubwa kiasi, na jingine dogo kwenye jino linalofuata, chini kabisa karibu na fizi. Akaongeza kwamba gego la juu nililozibwa nikiwa shule ya msingi, kwa ile dawa ya rangi ya fedha, bado ni zima. Kisha akaniuliza nataka kuziba kwa ipi: ya fedha, nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu, au nyeupe nyingine aliyoiita saruji ya glasi. Nikamwambia naenda kufikiria.

Nimefikiria miezi minne, Shangazi. Mwenzangu wa ofisini anasema ya fedha ni zebaki, na zebaki ikiingia mwilini inakimbilia kwenye tezi. Wifi yangu, ambaye anauza vyombo vya plastiki sokoni na ameapa hatatumia hata kimoja nyumbani kwake, anasema ile ya taa ni plastiki tupu na inavuruga homoni. Nikabaki na saruji. Mpwa wangu yuko chuo, akanionyesha kwenye simu kwamba saruji hiyo inatoa floraidi, na floraidi inaua tezi. Mama mkwe anasema ling'olewe, mambo yaishe. Kaka yangu anayechimba dhahabu huko Iramba ndiyo kabisa alinicheka. Anasema yeye zebaki anaishika kwa mkono kila siku, na akija kwetu huwa anaichoma hapo uani, mbona hajafa?

Yapo mawili mengine. Nimesikia natakiwa kuacha kidonge cha tezi siku tatu kabla ya kuchomwa sindano ya ganzi. Ni kweli? Kidonge hicho nakimeza asubuhi na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya damu, nisije nikasahau kimojawapo. Vya damu nilianzishiwa kwa sababu mimi na baba watoto tunatafuta mtoto wa tatu.

Halafu uchovu umenirudia kama ule wa kabla ya upasuaji. Sijui ndiyo hili jino. Nisaidie.

Mama wa Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo, wewe na wote wa nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za jino. Mara ya pili nikaliruka jino nikakwama kwenye chai ya maziwa. Nitafika huko, na nikifika usinikasirikie.

Mimi si daktari. Nilikuwa muuguzi, na miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia chumba cha meno, nikishika ule mpira wa kunyonya mate na kusikiliza watu wakiogopa. Wanaoogopa sindano niliwazoea. Waliokuwa wakinipa shida ni wenye kuogopa dawa ya kuzibia, kwa sababu hao walikuwa wanarudi nyumbani kufikiria, na wakija tena jino halizibiki.

Sasa twende. Mwenzako anakuonya zebaki itakimbilia kwenye tezi. Mpwa wako anakuonya floraidi itaua tezi. Tezi ipi hiyo? Yako iliondoka chumba cha upasuaji ndani ya kopo, miaka mitatu sasa. Homoni yako haitengenezwi tena shingoni, inatoka kwenye pakiti. Kwa hiyo anayeweza kukuharibia homoni leo ni yule anayekizuia kidonge kisifike kwenye damu, na huyo, mwanangu, unakaa naye mezani kila asubuhi.

Madini chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu yanashikana na levothairoksini tumboni, mwili unashindwa kuinyonya. Kalsiamu ya maziwa nayo hufanya hivyo hivyo, na chai inapunguza pia. Wewe umeviweka vyote kwenye kikombe kimoja. Unameza maikrogramu 100, lakini ngapi zinaingia, hakuna ajuaye. Huo uchovu wako mimi naushuku hapo kabla ya kulishuku jino, ingawa upungufu wa damu wenyewe unachosha pia, ndiyo maana nataka upimwe na siyo tubahatishe.

Kuanzia kesho kidonge cha tezi ukimeze kwa maji matupu, ukiamka, kabla hujagusa kitu. Kaa nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe chai. Vidonge vya damu vihamishie mchana au jioni. Visikae karibu na kile cha tezi, vipishane angalau saa nne. Ukiona asubuhi ya kuwahi basi la Mtumba haikupi nafasi, muulize daktari wako kuhusu kukimeza usiku wakati wa kulala, tumbo likiwa limeshapumzika saa tatu hivi tangu chakula. Na uende upime TSH, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya tezi inakutosha, wiki hii, kisha upime tena baada ya wiki sita hadi nane za kumeza vizuri, maana kipimo hicho hakibadiliki haraka.

Nakusukuma hivi kwa sababu ya mtoto wa tatu. Miezi ya mwanzo ya mimba mtoto bado hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni ya mama yake kwa ajili ya ubongo. Mama asiye na tezi anategemea kidonge. Ndiyo maana ukishika mimba dozi huwa inaongezwa mapema, kwa kawaida robo nzima au zaidi, na hutakiwi kusubiri hadi kliniki ya wiki ya 12. Siku kipimo kinaposoma mimba, siku hiyo hiyo umpigie daktari wa tezi.

Hilo la kuacha kidonge siku tatu, likatae. Levothairoksini inakaa mwilini sana; inachukua kama wiki nzima ndipo nusu yake ipungue. Ukiacha siku tatu hujabadilisha chochote kwenye sindano ya ganzi, umejipunguzia dawa tu. Nadhani uvumi huo ulichanganywa na habari ya watu wengine kabisa, wale ambao tezi yao inafanya kazi kupita kiasi na haijatulizwa. Hao moyo unakwenda mbio, na ganzi nyingi zimechanganywa na adrenalini, ambayo inaukimbiza zaidi. Msomaji mwenye tezi ya namna hiyo asikae kwenye kiti cha meno kwa kazi inayoweza kusubiri mpaka vipimo vyake vitulie. Kama anatumia propranololi, dawa ya kupunguza mbio za moyo, lazima amwambie daktari wa meno kabla ya sindano. Na anayetumia kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi iliyozidi, akapata vidonda mdomoni na homa, aende hospitali siku hiyo akapimwe chembe nyeupe za damu, asidhani ni jino. Wewe wa kidonge cha kila siku ganzi ya kawaida haina neno, mradi dozi yako iwe imekaa sawa. Mtajie tu dawa zako zote kabla hajaanza.

Haya, dawa za kuzibia.

Ya fedha inaitwa amalgamu, na mwenzako hajakudanganya: karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ikishaganda zebaki hiyo imefungwa humo, ila mvuke kidogo sana hutoka unapotafuna. Ninayo mwenyewe mbili, zina umri mkubwa kuliko wewe. Wamarekani kupitia mamlaka yao ya dawa, mwezi Septemba 2020, walitaja watu wanaoshauriwa kuiepuka: wajawazito na wanaotarajia kuwa wajawazito, wanaonyonyesha, watoto hasa walio chini ya miaka sita, wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu, wenye figo dhaifu, na wenye mzio wa zebaki. Ugonjwa wa tezi haumo. Lakini wewe umo, kwa mlango mwingine, kwa sababu unatafuta mtoto. Basi amalgamu tuiweke pembeni, na sababu ni mtoto, siyo rovu.

Hata hivyo amalgamu inaondoka yenyewe duniani. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu Januari 2025, na nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zimekubaliana iishe ifikapo 2034. Sehemu kubwa ya sababu ni mazingira: zebaki inayotoka kliniki huishia kwenye maji na samaki.

Usije ukasikia hivyo ukakimbilia kung'olewa ile ya zamani. Daktari kakwambia ni zima. Kuichimba kwa mashine ndiko kunakotoa mvuke mwingi kwa mara moja kuliko kukaa nayo kimya, na wewe unatafuta mimba. Iache. Ikivunjika siku moja, itabadilishwa kwa utaratibu wake. Najua wenye Hashimoto, yaani tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili, watasoma hapa waniulize mbona wao wameambiwa wazitoe. Kuna utafiti mdogo wa Ucheki wa mwaka 2006 ulioona kingamwili za tezi zikipungua baada ya amalgamu kuondolewa, lakini kwa watu ambao tayari damu yao ilionekana kuwa na mzio wa zebaki, na hawakuwa wengi. Kwa hayo mimi singemtoboa mtu meno manne mazima.

Kuhusu kaka yako sitacheka naye. Zebaki iliyoganda jinoni na zebaki inayochomwa kwenye karai ni vitu viwili. Ikichomwa yote inapanda kuwa mvuke, huioni, haina harufu, unavuta wewe na watoto, na inabaki kwenye nguo na udongo wa uani. Wewe umekosa usingizi miezi minne kwa ajili ya chembe ya jinoni, halafu uani kwako mtu anachoma zebaki! Mwambie mapema, kabla hajaja: hapa kwangu haichomwi tena, na nguo za machimboni zisiingie ndani. Akikasirika akasirike. Mtoto aliye tumboni zebaki inamgusa ubongo, na huyo ni mpwa wake.

Nyeupe ya taa ni kompositi. Wifi yako ana robo ya ukweli. Ni plastiki kweli, imechanganywa na unga laini wa glasi, na katika baadhi ya aina hutoka chembe za bisfenoli A, kemikali ambayo maabarani imeonekana kugombania nafasi na homoni ya tezi. Lakini kinachotoka kwenye jino ni kidogo mno, na sehemu kubwa hutoka saa za mwanzo, kutoka kwenye ule utando wa juu ambao taa haikuukausha vizuri. Risiti ya karatasi laini unayopewa dukani na vyakula vya kopo vinakuletea zaidi kwa mwaka. Unachoweza kufanya ni kumwomba daktari, akimaliza, aung'arishe uso wa jino vizuri, aufute kwa pamba yenye maji, halafu usukutue na kutema mara mbili tatu. Ni dakika moja. Zipo pia kompositi zisizotengenezwa kwa bisfenoli. Ukizikuta hapa mjini vizuri, lakini usipande SGR hadi Dar kuzifuata.

Shida halisi ya kompositi ni mate. Inawekwa tabaka kwa tabaka, kila moja nyembamba kama milimita mbili, kila moja inapigwa taa, na jino linatakiwa kuwa kavu muda wote. Mate yakiingia, haishiki, na baada ya mwaka uozo unaanza chini yake bila wewe kujua. Nimeyaona mengi. Kwa hiyo usimuulize daktari kama kompositi ina homoni. Muulize: gego hili utaliwekaje kavu? Akikuonyesha mpira mwembamba wa kulifunika jino, au hata pamba na mtu wa kushika kinyonya mate vizuri, kaa kitini.

Saruji ya glasi, au glasi ayonoma, ndiyo ninayoipenda kwa lile tundu lako dogo la karibu na fizi. Inashikana yenyewe na jino, haigombani sana na unyevu, na pale hutafunii. Floraidi inayotoka humo ni nyingi kidogo siku za mwanzo, kisha inakuwa tone tone, na kazi yake ni kuimarisha jino pembeni ya tundu. Mpwa wako amesoma jambo la kweli akaliweka mahali pasipo pake: miaka ya zamani madaktari Ulaya waliwahi kuwapa wagonjwa floraidi kwa miligramu ili kutuliza tezi iliyozidi, lakini walimezeshwa kila siku. Mtu wa kuijadili floraidi sana ni wa visima vya Singida, ambako maji mengine yanapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita na watoto wanaota meno ya madoa ya kahawia. Chai yako yenyewe ina floraidi. Nakuachia hiyo umpelekee mpwa.

Na watu wasiidharau saruji hii kwa sababu ni ya bei nafuu. Ule utaratibu wa kuchokonoa uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha kuziba, ulianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa watu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, na leo unafundishwa duniani kote pamoja na glasi ayonoma. Udhaifu wake ni pale juu ya gego penye kutafuna mahindi ya kuchoma. Hapo huchakaa mapema.

Kwa hiyo ningekuwa wewe: gego kwa kompositi, la karibu na fizi kwa saruji. Kama hela ya kompositi haipo mwezi huu, ziba yote mawili kwa saruji, waombe ile aina ngumu ya magego, ukijua lile la gegoni huenda ukalirudia baada ya miaka michache. Uliza bei na uliza bima yako inalipa ipi kabla hujalala kitini.

Mama mkwe mwambie asante, jino bado lipo. Gego likitoka, la juu yake hushuka, ya pembeni huinama, na unaanza kutafuna upande mmoja. Lakini ana haki ya kukuharakisha. Maji ya baridi yakikuchoma na maumivu kuisha papo hapo, bado tundu halijafika kwenye kiini na kuziba kunatosha. Siku utakapoamka usiku kwa maumivu yasiyo na sababu, au maumivu ya baridi yakabaki dakika nzima, swali la dawa ipi ya kuzibia limekwisha; yatabaki kusafisha mizizi au kung'oa. Umeandika una karafuu mdomoni, hukuandika kwa nini umeanza kuihitaji. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya barua nyingine. Iteme, inaunguza fizi, piga simu uombe nafasi wiki hii. Usiku maumivu yakizidi meza parasetamoli, na yeyote atakayekuletea maji ya betri ya kuweka jinoni mfukuze.

Picha ya eksirei hiyo hiyo uliyopigwa inaweza kuwa imeshapitwa na wakati, wakitaka kurudia wakubalie, ni mionzi kidogo mno. Waambie tu kama una hisia umeshika mimba.

Na TSH ikitoka niandikie namba yenyewe, usiniandikie "wamesema iko kawaida". Maabara nyingi huandika kawaida mpaka inapokaribia 4 au zaidi, ila kwa mama anayetumia levothairoksini na anatafuta mimba, madaktari wa tezi wanaitaka isizidi 2.5.